Jicho la Mbele la Bunduki ya Baba

Bunduki ya baba ilikaa kwenye ghala la polisi miaka kumi na mmoja, na siku niliyokwenda kuichukua, afisa aliyenikabidhi aliniomba radhi kwa sababu gunia alilonipa la kuifungia lilikuwa na chenga za mchele. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na nimezoea kuingia kwenye ofisi za watu nikiwa nimeshakasirika, ili kuokoa muda. Afisa yule aliniharibia maandalizi yote. Karatasi zangu alikuwa amezipanga kwa mfuatano, na alipoifunua bunduki nikaona kitako chake cha mbao kinang'aa.

"Mama, hii nilikuwa napaka mafuta kila mwaka," akasema. "Hakuna mtu aliniambia. Niliona tu ni makosa kitu ya mzee wa watu iote kutu."

Hakuwahi kumjua baba. Hata mimi sikuwa nimewahi kumwona afisa huyo kabla ya siku hiyo. Nilimshukuru kwa Kiswahili, kisha nikamshukuru tena kwa Kijaluo, kwa sababu mara ya kwanza niliona haikutosha.

Kabla ya hapo bunduki ilikuwa imepitia kwa mafundi wa serikali, wakauziba mtutu kwa chuma na kutoa pini ya kufyatulia, ndipo ikaandikwa barua kwamba sasa si silaha bali ni kumbukumbu ya familia. Barua hiyo niliibeba kwenye mkoba wiki nzima, nikiitoa hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga huko Ahero, na bunduki ilimfikia kwa bahati tu. Mzungu mmoja wa mashamba ya miwa, ambaye baba alimfanyia kazi ujanani, alimwachia na kumsaidia kupata leseni yake alipokuwa akirudi kwao baada ya uhuru. Ilikuwa bunduki ya uwindaji ya Kiingereza, ya zamani hata wakati ule. Viboko walikuwa wakitoka mto Nyando jua likikaribia kuzama na kuingia mashambani, na kiboko mmoja akilala kwenye mpunga wako umemaliza mwaka. Chifu alimtuma mtu kwa baba, baba akaenda. Nyama iligawiwa kata nzima, naye alirudi na fungu kama la jirani yeyote. Hakuwahi kusimulia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi watoto tulimheshimu kwa mbali, jinsi unavyouheshimu moto wa jikoni.

Kitu kimoja tu nakikumbuka. Kila alipotoka na bunduki ile, alisimama mlangoni, akalamba kidole gumba, akakisugua kwenye ncha ya mtutu mara tatu, polepole, kisha akaondoka. Nilidhani anapangusa vumbi. Mtoto huwa hana habari na mambo ya wazazi wake.

Kwetu mtu akifariki, siku za matanga zikiisha, wazee wa ukoo huketi wakagawa vyombo vyake vya chuma. Tunaita keyo nyinyo, yaani kugawa chuma: jembe, panga, mkuki kama upo, baiskeli, na siku hizi hata simu. Chuma huenda kwa wana wa kiume na kwa ndugu wa marehemu. Mabinti hupika. Siku ya baba nilipika kuku na samaki mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi, na ndugu yangu, kitinda mimba wetu na mwana wa kiume pekee, akapewa majembe mawili na baiskeli isiyo na mnyororo. Bunduki haikuwepo, maana tulikuwa tumeshaipeleka polisi kama sheria inavyotaka. Mzee aliyesimamia alisema chuma hicho kitagawanywa kikirudi, na watu wakala wakaenda makwao.

Mama hakusahau. Ana miaka themanini na minne, na mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alitueleza ukweli kwa upole: huenda ni miaka, huenda ni miezi. Mama alimsikiliza, akashukuru, na tulipofika nje akaniambia nifuate bunduki. Kufa hakumtishi. Alichoogopa ni kufika.

"Sitaki nifike huko," alisema, "halafu babako aniulize bunduki yake iko wapi kabla hajaniuliza habari za safari."

Mimi na mama tunazungumza Kijaluo, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyaleta kwa Kiswahili, na ukali wake umepungua njiani. Alipanga siku yeye mwenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akawaita wazee wawili wa ukoo na kina mama wa kanisa lake. Kisha kila jioni akawa ananipigia simu na swali lile lile: "Na macho yake yapo?"

Macho ndivyo tulivyoviita vile vichuma viwili vya kulengea shabaha. Jicho la nyuma ni kibati kidogo karibu na mkono wa mpigaji, kimechongwa pengo katikati. Jicho la mbele linakaa kwenye ncha ya mtutu, nalo lina nukta nyeupe juu yake, ili lionekane hata mwanga ukififia. Unaiweka nukta ndani ya pengo, unaiweka juu ya kiboko, na yaliyobaki ni ya Mungu. Nilipoilaza bunduki kwenye meza yangu ya kulia hapa Kisumu nikaona mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Kibati cha nyuma kilikuwa kimevunjika kikabaki kisiki. Mbele hapakuwa na jicho kabisa. Palikuwa na donge jeusi, gumu, lenye ukubwa wa punje ya mahindi, limeganda pale jicho lilipopaswa kuwa, na ndani yake kitu fulani cha manjano.

"Yapo, Mama," nilimwambia. "Yatakuwepo."

"Ni yapo ama yatakuwepo?"

"Jumamosi utayashika."

"Chuma chenye pengo hakigawanywi," akasema, akakata simu.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu wangu wa kawaida. Nikiamua kitu kiwe sawa, lazima kiwe sawa mpaka kwenye desimali. Nilitafuta picha za bunduki za aina ile kwenye simu usiku na mchana, nikajifunza kwamba jicho la nyuma lilikuwa la umbo hili na la mbele lilikuwa na nukta ya duara, na kwamba bunduki ya miaka ile ikiwekwa macho ya kisasa inaharibika heshima. Nilipiga simu kwenye duka moja Nairobi. Kijana akaniambia kwa furaha kwamba wana jicho la plastiki la kijani linalowaka gizani. Nilimuuliza kama angemvalisha nyanyake miwani ya disko siku ya ubatizo. Akasema anaweza kuniuzia pia darubini. Nikamshukuru, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwa mkali kwa mtu asiye na kosa, na nikakata simu.

Kinga na kinga ndipo moto huwaka. Jirani yangu, muuza vitambaa aliyehamia hapa kutoka upande wa Nyeri zamani sana, alinisikia nikilalamika getini akaniambia niende kwa mzee fulani wa saa. Mzee huyo ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Kisumu, na ana kibanda chembamba kwenye barabara inayoteremka kuelekea bandarini. Babake alitengeneza saa na bunduki za wawindaji, siku ambazo wawindaji walikuwepo. Yeye alibaki na saa tu. Nilimwonyesha picha na barua yangu. Barua hakuitazama. Picha aliisogeza karibu na jicho lake lenye kioo cha kukuzia, akaguna, akaingia nyuma ya pazia, na nikamsikia akivuta kitu kizito sakafuni.

Alirudi na mkebe wa tumbaku wenye kutu. Ndani yake vilijaa vichuma vidogo vidogo, vingine vimefungwa kwenye karatasi zenye mwandiko wa babake. Alivipanga juu ya kitambaa kimoja kimoja, bila haraka, mpaka nikaanza kuchezesha mguu. Baada ya nusu saa akasukuma viwili mbele yangu: kibati cha nyuma, na jicho la mbele lenye nukta ya kauri nyeupe.

"Hii iko ya wakati yake," akasema. "Si ndugu ya bunduki yako, lakini ni binamu."

"Mzee, umeitunza miaka yote hii?"

"Mke yangu kila mwaka anasema tupa. Mimi nasema ngoja, iko mtu atakuja."

"Wamekuja wangapi?"

"Wewe," akasema.

Alikataa chochote nilichompa. Alitaka picha tu, siku bunduki itakapokamilika. Nilitoka pale nikiwa na machozi ya kijinga, nikasimama kivulini nikiwahesabu watu ambao hawakuwa na deni lolote kwa baba yangu na bado walikuwa wamemfanyia kazi.

Kutoka hapo nilikwenda soko la Kibuye, kwa fundi mmoja wa kufuli anayefanya kazi nyuma ya safu ya wauza majiko. Ni mtu mzima, mtaratibu, mwenye tupa nyingi zilizopangwa kwa ukubwa, jambo lililonifanya nimpende papo hapo. Aliishika bunduki, akasoma barua yote mpaka mhuri, kisha akainama kwenye lile donge jeusi.

"Madam, hii ni nini?"

"Uchafu. Miaka kumi na mmoja ya ghala."

"Uchafu gani iko na spoku ya baiskeli ndani?" Aliligonga kwa ukucha. "Hii ni lami. Mtu aliweka na akili yake. Niitoe ama niiwache?"

Miaka thelathini na miwili nilisimama mbele ya madarasa nikiwakata wanafunzi alama kwa kutoonyesha njia. Jibu likiwa sahihi bila njia nilikata, na jibu likiwa na makosa lakini njia ipo nilitoa alama kidogo, kwa sababu njia ni akili ya mtu. Na siku hiyo fundi ananionyesha njia ya mtu, ananiuliza kabisa, na mimi natazama saa.

"Toa," nikasema.

Alitoa. Alikwangua kwa uangalifu, akasafisha, akalikaza jicho jipya la mbele na kibati cha nyuma, na kazi ikawa nzuri hata yeye mwenyewe akatabasamu. Niliifunga bunduki kwenye shuka safi. Jioni hiyo mama aliponiuliza swali lake nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyepata mia kwa mia.

Alhamisi nilikwenda Ahero. Nyando ulikuwa umemwagika tena, nikaliacha gari barabarani na kuvuka kwa miguu na viatu mkononi, bunduki begani ndani ya shuka, watu wakiniamkia bila kuuliza. Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli, basi. Niliilaza bunduki mapajani mwake, nikakaa kwenye stuli kusubiri sifa zangu.

Alianza na kitako. Alilipata kovu ambapo baba aliwahi kukigonga kwenye nguzo ya zizi, akacheka kidogo puani. Akapanda na mikono yake, taratibu, mpaka kwenye kibati cha nyuma. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafika kwenye ncha, akalamba kidole gumba, akasugua.

Akasugua tena.

"Hii ni nini?"

"Ni jicho la mbele, Mama. La wakati wake kabisa. Nimelitafuta..."

"Na lami iko wapi?"

Nilimwambia nililitoa donge, kwamba nilidhani ni uchafu. Hakunipigia kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliendelea kukigusa kile kichuma kana kwamba huenda kingebadilika.

"Nyara," akasema, maana yake binti yangu, "ulikuwa na haraka tangu tumboni."

Kisha akanieleza. Jicho la asili la bunduki ile lilipotea kinamasini, mwaka ambao mimi nilikuwa bado mgongoni. Baba aliteleza, bunduki ikagonga jiwe, nukta nyeupe ikaenda na maji. Bila nukta hakuweza kulenga jioni, na viboko hawaji mchana. Alijaribu chaki, ikafutika. Alijaribu unga uliokandwa kwa mate, sisimizi wakaula. Jioni moja alifyatua akakosa, na kiboko akageuka akampita hatua mbili tu, akavunja ukingo wa mfereji na kwenda zake. Baba alirudi nyumbani akakaa na sahani ya chakula mbele yake bila kula. Mama alisema ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiacha chakula.

"Akasema anahitaji kitu kidogo, cheupe, kisichoogopa maji," mama alisema. "Nikaingia nyuma ya pazia nikamkatia."

"Ukamkatia nini?"

"Tigo," akasema.

Tigo ni shanga, na alizomaanisha ni za kiunoni, zile ambazo wasichana wa rika lake waliolewa nazo na ambazo hazionwi na mtu ila mume. Sasa, ili uelewe nilivyoshtuka, lazima nikuambie mama yangu ni nani. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyewaketisha maharusi kabla ya ndoa na kuwaambia waache mambo ya zamani. Tulikua tukisikia jinsi alivyookoka na kuzitupa shanga zake mtoni Nyando, mchana, mbele ya mashahidi, na kanisa zima likapiga makofi.

"Lakini ulizitupa, Mama. Mtoni."

"Nilitupa uzi," akasema. "Shanga nilizitunga kwenye uzi mwingine."

Fundi wa baiskeli wa Ahero alikata kipande cha spoku, akakipenyeza kwenye ushanga mmoja mweupe, akakisimamisha kwenye ncha ya mtutu na kukizungushia lami iliyokuwa ikichemshwa barabarani wakati ule. Baba hakuuliza ushanga umetoka wapi, maana alijua. Hakumshukuru mama kwa maneno pia. Lakini tangu siku hiyo, kila alipotoka, alisimama mlangoni akalamba kidole gumba na kuugusa mara tatu, mbele ya watoto wake, mbele ya askari wa chifu, na mara moja hata mbele ya mchungaji, na hakuna aliyejua isipokuwa mke wake aliyekuwa jikoni akijifanya hatazami.

Nililia. Nasema wazi, kwa sababu sikulia hivyo hata siku ya mazishi. Nilikuwa nimemtafutia baba jicho la wakati wake, kumbe lililokuwepo ndilo lililokuwa la wakati wake, na nimelipangusa kwa tupa. Mwenzangu aliyefundisha Kiswahili alipenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka yote nilidhani anawaambia wanafunzi.

"Sasa, Mama?"

"Jumamosi haibadiliki," akasema. "Rudi kwa fundi wako."

Nilimuuliza shanga nyingine ziko wapi, kama zipo. Akasema, "Zipo," akafumba macho kuonyesha kwamba amechoka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Kibuye kabla majiko hayajapangwa. Nilimweleza fundi kila kitu, hata habari za shanga, kwa sababu aliniuliza mara ya kwanza na nilikuwa na deni la jibu la kweli. Hakusema, "Nilikuambia." Kwa hilo peke yake nitamshukuru mpaka mwisho. Alileta debe la vumbi la chuma analofagia kila jioni, akalimwaga kwenye karatasi, akachukua sumaku na kuanza kuipitisha polepole. Dakika chache baadaye kipande kifupi cha spoku kilirukia sumaku, bado kina weusi wa lami.

"Iko hapa," akasema. Kisha akaendelea kutafuta kwa vidole, muda mrefu, mpaka akapata unga kidogo wa manjano, ushanga uliosagika. "Ile ingine si chuma, madam. Haiwezi kushika."

Nikamwambia basi, inatosha. Akafuta mikono, akaniuliza kwetu ni wapi. Jumamosi akafunga kibanda chake, siku yenye wateja wengi, akaja Ahero na tupa mbili, kisu, na kidonge cha lami ndani ya kopo la maziwa.

Watu walikuwa wachache, kama mama alivyotaka. Wazee wawili wa ukoo, ndugu yangu aliyefika kutoka Nakuru, kina mama watano wa kanisa waliovaa vitambaa vyao vya kichwa, fundi, na mimi niliyekuwa nimetoka jikoni kwa muda na mwiko mkononi. Bunduki ilikuwa juu ya meza. Fundi alikuwa amelitoa jicho la mzee wa saa na kulifunga kwenye karatasi yake, maana mama alisema lirudishwe kwa mwenyewe na shukrani, na lilirudi Jumatatu pamoja na picha. Kibati cha nyuma mama alikikubali. "Hicho kibaki," alisema. "Huyo mzee naye amemfanyia babako kazi."

Mzee wa kwanza akauliza mbona bunduki haina jicho la mbele, kwamba waliambiwa imekamilika. Mama akasimama. Aliweka mkono begani mwangu akasema nisimfuate, akaingia chumbani kwake akipapasa ukuta, na mlango ukafungwa. Tulikaa. Aliporudi alikuwa ameshika ngumi moja, na alisimama mbele ya wale kina mama wa kanisa, si mbele ya wazee.

"Niliwaambia nilizitupa," akasema. "Nilidanganya. Mmoja ulikuwa kwenye bunduki ya mume wangu, na kwa sababu yake alikuwa akirudi nyumbani. Nyingine ni hizi."

Akafungua mkono. Zilikuwa ndogo, nyeupe, zimekuwa rangi ya maziwa. Wazee wakatazama dari. Ndugu yangu akatazama viatu vyake. Mimi nikaushika mwiko kwa nguvu, kwa sababu kama kuna aliyetaka kumwaibisha mama yangu siku ile angepita kwangu kwanza. Kisha mwanamke mzee kuliko wote, aliyekuwa mweka hazina wake na rafiki yake wa ujanani, akakohoa.

"Mimi zangu ziko kwenye mtungi," akasema.

Yule mzee wa kwanza alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Hata mama alicheka. Akampa fundi ule uzi, fundi akaukata, akatoa ushanga mmoja, akamrudishia mama uzi, akaupenyeza ule ushanga kwenye spoku ile ile ya zamani, akausimamisha kwenye ncha na kuuzungushia lami iliyolainishwa juu ya jiko langu. Nyumba ilinuka kama barabara mpya. Lami ilipoganda akamkabidhi mama. Mama akalamba kidole gumba, akasugua mara tatu.

"Ndilo," akasema. Kisha akamshukuru fundi: "Ero kamano."

Wazee wakagawa. Bunduki ikaenda kwa ndugu yangu, kama ilivyopaswa, naye aliipokea, na sikumwonea wivu, au nilimwonea kidogo tu. Nikageuka kurudi jikoni kwa sababu samaki walikuwa motoni. Mama yuko hai ninapoandika haya. Anakula vizuri na bado ananipigia simu kila jioni, ingawa sasa hana swali. Namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, kwa sababu siku ile nilidhani ameshamaliza yote yaliyomweka duniani.

Lakini siku ile aliniita kabla sijafika mlangoni. Alikuwa ameziunga ncha mbili za uzi kwa fundo, anapapasa hewani kunitafuta.

"Chuma ni cha ndugu yako," akasema, kwa sauti ambayo wazee walilazimika kuisikia. "Hizi si chuma."

Niliweka mwiko chini, nikazipokea kwa mikono miwili. Hazikuwa zimetoka kwenye sanduku wala mtungi wowote. Zilikuwa bado na joto la mwili wake.